HATI YAKO IKAE MKONONI MWAKO

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya wanakisomo wa kijiji kimoja cha wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Msemaji ni mama mfanyabiashara ambaye huvuka mpaka wa Mutukula mara nyingi kwa mwaka. Wanakisomo hao wanakusudia kwenda Kampala kuona masoko. Tunayachapa kwa kuwa wasomaji wetu wengi wa mikoa ya ziwa wana ndugu au biashara ng'ambo ya mpaka. – Mhariri)



Nimeombwa niseme habari za safari ya Uganda. Nimekubali kwa furaha, maana nimesikia kuwa watu 14 wa darasa hili wanataka kwenda, na zaidi ya nusu yao hawajavuka mpaka wa nchi yo yote.

Kwanza niwaambieni jambo moja. Vipo vitabu vingi vya mashauri ya safari. Nimeviona kwa Wazungu ndani ya basi. Vinawaambia namna ya kusafiri katika nchi zinazoendelea kama zetu: usinywe maji ya bomba, lala ndani ya chandarua, ficha fedha zako. Ni mashauri mazuri. Lakini vimeandikwa kana kwamba ni Mzungu tu anayesafiri, na sisi kazi yetu ni kukaa nyumbani tumsubiri. Basi leo tuzungumze habari za safari yetu sisi, kutoka nchi inayoendelea kwenda nchi nyingine inayoendelea. Mbu tunawajua, na barabara mbovu tunazijua. Sisi shida yetu iko kwenye karatasi, fedha na lugha.

KARATASI

Kutoka Bukoba mpaka Mutukula ni kama kilomita 80. Unapita Kyaka, unavuka mto Kagera, unapita Bunazi, na mara umefika. Ukisimama pale Mutukula utashangaa. Watu wanakwenda huku na huku, wengine na ndoo kichwani, wengine na baiskeli. Utadhani hakuna mpaka. Hapo ndipo msafiri mgeni anapopotea. Atakuja kijana amwambie, "Mama, ya nini kupanga foleni? Nifuate mimi, dakika tano tu uko Uganda." Anakupitisha nyuma ya nyumba, katika njia za panya. Kweli, dakika tano uko Uganda. Lakini huna muhuri. Tangu dakika hiyo wewe ni mtu aliyeingia nchi ya watu kwa wizi. Ukiibiwa, utakwenda polisi kusema nini? Swali la kwanza wataomba hati yako. Ukiugua, ukigongwa na pikipiki, ukikutana na askari njiani, shida yako imekuwa mara mbili.

Kwa hiyo sharti uwe na hati ya kusafiria. Wengine huuliza, mbona Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho tu? Ni kweli. Kenya, Uganda na Rwanda zilipatana kwamba kuanzia mwaka 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia katika mapatano hayo. Kitambulisho chako cha NIDA ukibebe, maana ni cha lazima katika kuomba hati, lakini usikitegemee kukuvusha.

Hati ni za namna mbili. Iko pasipoti, na iko hati ya dharura ya safari. Pasipoti mpya ya kielektroniki ilipoanza mwaka 2018 ada yake ilikuwa shs. 150,000/-. Hati ya dharura ni ya bei nafuu zaidi, lakini haina maisha marefu. Zote mbili zinatolewa na Uhamiaji. Ada ya leo waulize wao wenyewe ofisini, msimwulize mtu wa kijiweni.

Siku hizi fomu ya maombi hujazwa kwenye mtandao. Wengi wetu tutamwendea kijana mwenye kompyuta mjini atujazie. Hakuna ubaya. Lakini kabla hajaituma, mwambie akuonyeshe, nawe usome. Soma jina lako herufi kwa herufi. Jina la kitambulisho na jina la cheti cha kuzaliwa lazima yafanane. Mtu anaitwa Paulina kwenye kitambulisho, kijana anaandika Paulin. Herufi moja tu! Itakurudisha Bukoba mara tatu, na nauli ni yako. Usione haya kusoma polepole mbele ya kijana mwenye haraka. Fedha ni zako na jina ni lako.

Ukishapata hati yako, soma tarehe ya mwisho. Kisha toa nakala ya ukurasa wenye picha, uiache nyumbani kwa mtu unayemwamini. Kama una simu yenye kamera, piga picha ukurasa huo pia.

Na watoto? Mtoto naye awe na hati yake. Mama akisafiri na mtoto asiye wake, mathalan mtoto wa dada yake, achukue na barua ya wazazi iliyopita serikali ya kijiji. Kabla hamjaondoka, waulizeni Uhamiaji kama barua hiyo inatosha. Maofisa siku hizi ni wakali juu ya watoto, na wana haki, kwa sababu nitakazozieleza baadaye.

Iko na karatasi nyingine, kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda ni nchi yenye hatari ya ugonjwa huo. Kadi inaweza kutakiwa ukiingia, na inaweza kutakiwa ukirudi kwetu. Sasa sikilizeni vizuri. Chanjo hii huanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchomwa. Ukichomwa leo na kusafiri kesho, kadi yako bado haijakomaa. Tena, tangu Julai 2016 kadi hii ni ya maisha yote. Zamani ilikuwa ya miaka 10. Mtu akikuambia kadi yako ya mwaka 2012 imekufa, ulipe upya, mwambie hapana, kwa heshima. Mama mjamzito, mtu aliyefikisha miaka 60, na mtu mwenye ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili, sharti aongee na daktari kwanza. Chanjo hii haifai kila mtu.

PALE MPAKANI

Tangu Novemba 2017 pale Mutukula panatumika utaratibu wa kituo kimoja. Maofisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja. Ukienda Uganda unahudumiwa upande wa Uganda: dirisha la Mtanzania linakugongea muhuri wa kutoka, dirisha la Mganda linakugongea muhuri wa kuingia. Ukirudi, ni upande wetu. Kwa hiyo usishtuke ukipita lango la Tanzania bila kugongewa muhuri. Lakini usipite jengo la pili bila mihuri miwili!

Nenda dirishani wewe mwenyewe. Watakuja watu wa kukusaidia, wenye kalamu mfukoni na vitambulisho shingoni ambavyo hujui vimetoka wapi. Watasema, "Lete hati, mama, nikupangie foleni." Usimpe. Wewe unajua kusoma. Kama kuna fomu, ijaze mwenyewe. Ukikwama, mwulize ofisa aliye nyuma ya dirisha, na wengi wao ni watu wema. Huyo wa nje atakutoza kwa kazi ambayo serikali inaifanya bure. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki halipi viza kuingia Uganda.

Ukishagongewa muhuri, usifunge hati ukakimbilia basi. Soma. Muhuri una tarehe na muda uliopewa. Sheria za Jumuiya zinaruhusu mgeni wa nchi mwanachama akae mpaka miezi 6, lakini wewe hesabu siku zilizoandikwa kwenye hati yako. Ruhusa hiyo ni ya kutembelea, siyo ya kuajiriwa.

Mtapimwa joto la mwili. Msichukie, wala msiseme Waganda wametudharau. Uganda ilipata Ebola Septemba 2022, ikaisha Januari 2023, ikarudi tena kati ya Januari na Aprili 2025. Nasi hapa Kagera tulipata ugonjwa wa Marburg mwaka 2023, na tena mwanzoni mwa 2025 kule Biharamulo. Kwa hiyo wao wanatuogopa na sisi tunawaogopa, na kipimo kinatusaidia sote.

FEDHA

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nimeona machozi.

Fedha ya Uganda inaitwa shilingi kama yetu, lakini thamani yake ni ndogo kuliko yetu. Kiwango hubadilika. Tuseme siku hiyo kila 1,000/- yetu inapata 1,400/- yao. Una 200,000/-. Hiyo ni elfu moja mara 200. Basi 1,400 mara 200 ni 280,000. Piga hesabu hiyo nyumbani, kwenye daftari, kabla hujaondoka. Kiwango cha siku kiulize benki, au duka la fedha lenye leseni, au mtu aliyerudi jana. Ukifika mpakani tayari unajua unatakiwa kupata kiasi gani. Asiyejua atapokea cho chote atakachopewa na atashukuru.

Noti zao ni za 1,000, 2,000, 5,000, 10,000, 20,000 na 50,000. Sisi tumezoea kwamba noti kubwa kuliko zote ni 10,000. Huko 10,000 ni noti ya kawaida tu. Macho yatakuchanganya. Usitegemee rangi. Soma tarakimu, hesabu sifuri. Noti ya 5,000 ina sifuri tatu, ya 50,000 ina sifuri nne. Sifuri hiyo moja ni shs. 45,000 za Uganda.

Mama mmoja tuliyesafiri naye alibadilisha fedha kwa kijana wa barabarani kwa sababu alimwongezea kidogo juu ya kiwango cha duka. Alitakiwa kupata noti 10 za 20,000, yaani 200,000 za Uganda. Kijana alishika bunda, akahesabu ncha za noti mbele ya macho yake: moja, mbili, tatu, mpaka kumi. Mama aliona kumi. Akatia katika kanga, akapanda basi. Huko mbele kufungua, noti ni sita. Nne zilikuwa zimekunjwa katikati, kila moja ikatoa ncha mbili. Hesabuni wenyewe: nne mara mbili ni nane, na mbili zilizonyooka, ni kumi. Kijana alihesabu sawasawa kabisa! Mama alipoteza 80,000 kwa kutamani nyongeza ndogo. Mtaji ule haukuwa wake peke yake, ulikuwa wa wenzake watano. Kurudi kijijini ilikuwa taabu kuliko kwenda.

Kwa hiyo badilisha dukani. Pokea noti, zinyooshe moja moja, weka mezani, hesabu mwenyewe, soma kila noti. Mwenye duka akinuna, na anune. Chukua risiti. Fedha zako zigawe sehemu mbili au tatu. Ya nauli na chakula iwe karibu, mtaji uwe ndani ya nguo. Usifungue mtaji wote sokoni kutafuta 1,000 ya ndizi.

Sasa lugha ya fedha. Hii wengi hawaijui, nayo inaumiza. Waganda wa kawaida sokoni hutaja bei kwa Kiganda. Sikio la Mswahili linasikia maneno ya nyumbani na linadanganyika. Unasikia "kikumi", unadhani ni kumi. Siyo, kikumi ni mia moja. Unasikia "lukumi", unadhani pia ni kumi. Lukumi ni elfu moja! "Bitaano" siyo tano, ni mia tano. "Mutwalo" ni elfu kumi. Andikeni katika daftari zenu:

kikumi – 100
bitaano – 500
lukumi – 1,000
mutwalo – 10,000

Kuuliza bei, sema "Mmeka?" Kuomba upunguziwe, sema "Salako." Na kama huna hakika umesikia bei gani, mpe muuzaji kalamu aandike. Tarakimu ni zile zile Muleba na Kampala. Mimi natembea na kidaftari kidogo, na nimegundua wauzaji wananiheshimu zaidi nikikitoa.

LUGHA NA ADABU

Msiende mkidhani kila mtu huko anajua Kiswahili. Katiba ya Uganda ilifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 serikali yao iliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini mtu mzima wa Masaka au Kampala hakusomea. Tena wapo wazee wanaokikumbuka kama lugha ya askari. Enzi za Idi Amin, aliyepiga kelele kwa Kiswahili usiku mlangoni hakuja kwa wema. Ninyi wazee wa hapa mnakumbuka mwaka 1978, majeshi ya Amin yalivyoingia Kagera na daraja la Kyaka lilivyobomolewa. Nao wana makovu yao ya miaka hiyo. Vita vile msivianzishe kuwa hadithi ya kwenye basi. Siasa zao pia waachieni wenyewe.

Anza kwa salamu ya Kiganda. Mtu mmoja unamwambia "Oli otya", ukiongeza "ssebo" kwa mwanamume na "nnyabo" kwa mwanamke. Asante ni "webale". Maneno hayo manne yatakufungulia mlango, hata kama yanayofuata utayasema kwa Kihaya na kwa mikono. Sisi wa Kagera tuna bahati, mengi tutayaelewa nusu nusu. Mtaona wanawake wakipiga magoti kuwasalimu wakubwa. Hilo kwetu si geni.

NJIANI NA MJINI

Kutoka Mutukula mpaka Masaka ni karibu kilomita 90, na kutoka Masaka mpaka Kampala kama 130. Kule Lukaya wachuuzi watakimbilia dirisha la gari na nyama na ndizi za kuchoma. Kula iliyo ya moto, na lipa kwa noti ndogo, maana gari likiondoka chenji inabaki. Mbele kidogo, pale Kayabwe, mtapita mstari wa ikweta. Kuna alama barabarani, na watu hupiga picha. Dereva hasimami, basi mtauona kwa dirisha.

Saa ya tikiti isomeni vizuri. Waganda wakiongea husema saa kama sisi. Lakini tikiti huandikwa kwa saa za Kizungu. Ukiona 7:00 AM, ni saa moja asubuhi. Ukiona 7:00 PM, ni saa moja usiku. AM ni kabla ya adhuhuri, PM ni baada yake. Ondoa sita, na kama haitoki, ongeza sita: 8:00 ni saa mbili, 1:00 ni saa saba. Saa ya mkononi msiibadilishe, Uganda na sisi tuna wakati mmoja.

Kampala usiseme "nataka teksi" ukidhani utapata gari la peke yako. Huko "taksi" ni basi dogo la abiria 14, kama daladala. Gari la kukodi wanaliita "speshali", na bei yake ni nyingine kabisa. Nauli ya taksi hupanda asubuhi, jioni, na mvua ikinyesha, kwa hiyo uliza kabla hujapanda. Unapotaka kushuka sema "Maaso awo", yaani hapo mbele. Pikipiki ni bodaboda kama kwetu. Jina lenyewe lilizaliwa huko huko mpakani, kwa baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Patana bei kwanza, omba kofia ngumu, na usipande watatu.

Vituo vya taksi na soko la Owino vina msongamano ambao hamjauona. Kila mmoja ashike mzigo wake mbele, siyo mgongoni. Mkiwa 14 msitembee 14. Gawanyikeni watu watatu watatu au wanne wanne, na kila kundi liwe na mtu mwenye simu. Wekeni mahali pa kukutana na saa ya kukutana. Mkipiga simu nyumbani, ile sifuri ya kwanza iondoeni, badala yake wekeni +255. Namba ya Uganda huanza na +256. Laini ya simu ya huko inasajiliwa kwa hati ya kusafiria, mnunue dukani na siyo kwa mtu anayetembeza. Polisi wa Uganda ni 999 au 112, na Ubalozi wetu uko hapo hapo Kampala.

Maji mnywe yaliyochemshwa, au ya chupa ambayo kifuniko chake hakijafunguliwa. Malaria huko ni nyingi, chandarua msione uzito kukibeba. Pombe ya kienyeji ya kukoza, ile waragi isiyo na chapa, iacheni. Na kitu kinachoitwa "roleksi" msiogope, siyo saa ya mkononi. Ni chapati iliyoviringishwa na mayai, tamu sana, na inashibisha.

Nyumba ya wageni ikitaka hati yako, waonyeshe, waandike namba, wakurudishie. Wakisema itakaa kwao mpaka utakapoondoka, tafuta nyumba nyingine.

AHADI YA KAZI

Sasa niwageukie vijana waliokaa nyuma, hasa mabinti. Nimewaona mnacheka, lakini hili ndilo lililonifanya nikubali kuja.

Anakuja mtu kijijini, amevaa vizuri, pengine ni jamaa wa jamaa. Anasema kuna kazi Kampala, hotelini au nyumbani kwa tajiri, na kutoka hapo utapelekwa Uarabuni kwa mshahara mnono. Nauli atalipa yeye. Hati atashughulikia yeye. Mkifika mpakani anakusanya hati zote, "zisipotee". Kuanzia hapo huna jina. Ukifika, kazi siyo ile. Ukikataa, unaambiwa unadaiwa nauli, chakula na hati. Utakwenda wapi? Huna karatasi, hujui mtaa, lugha huijui. Nimekutana na binti wa namna hiyo akifua nguo nyuma ya nyumba ya wageni niliyolala. Alikuwa na miezi minane hajalipwa, na hati yake hajui iko wapi. Aliponisikia nikiongea Kihaya alilia.

Tanzania ina sheria juu ya jambo hili tangu mwaka 2008. Kusafirisha mtu kwa hila na kumtumikisha ni kosa kubwa, hata kama anayefanya hivyo ni shangazi. Kwa hiyo mtu akikuahidi kazi, mwambie aandike: jina la mwajiri, mahali, mshahara, simu. Ipeleke karatasi hiyo kwa mtendaji na kwa Uhamiaji waisome. Mwenye kazi ya kweli ataandika. Mwingine utamwona anakasirika, na kesho hayupo.

KURUDI NA MALI

Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Afrika Mashariki, na ambazo zimo katika orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hazitozwi ushuru wa forodha. Pale pale mpakani forodha wanatoa cheti chepesi cha kuonyesha bidhaa zimetoka wapi. Kodi nyingine zinaweza kuwapo. Lakini wengi huamini kwamba cho chote kilichonunuliwa Kampala hakina ushuru. Sivyo. Mitumba ya Owino haikuzalishwa Uganda, imepita tu. Vitenge vya China ni vya China hata ukivinunua kwa Mganda. Vina ushuru wake. Uliza forodha wakati wa kwenda, siyo wakati wa kurudi ukiwa na marobota. Tunza risiti, na ukilipa kodi soma kiasi kilichoandikwa kwenye stakabadhi. Kiwe sawa na kiasi ulichotoa.

Na mifuko ya plastiki! Huko wanaiita "kaveera", na watakufungia kila kitu ndani yake. Kwetu imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019. Beba kikapu au mfuko wa kitambaa tangu nyumbani.

Baada ya mazungumzo wanakisomo waliuliza maswali. Mzee mmoja aliuliza kama mtu aliyejifunza kusoma mwaka jana tu anaweza kusafiri bila mtoto wake wa sekondari kumwongoza. Mama alimwomba mzee huyo aje mbele, akampa pasipoti yake, akamwambia asome ukurasa wa mihuri. Mzee alivaa miwani. Alisoma tarehe ya kuingia, akasoma ya kutoka, kisha akahesabu kwa vidole na kusema, "Ulikaa siku sita." Ilikuwa ni kweli. Mama akamwambia atangulie Uhamiaji Jumatatu, maana hati zinachukua muda na chanjo inataka siku zake 10.